Taa ya tairi na baridi ya kipupwe: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kipupwe kikiingia, kuanzia Juni hadi Agosti, ndipo malalamiko ya taa ya njano ya dashibodi, inayoonya kuwa tairi limepungua upepo, yanapoongezeka: ile alama ya tairi lililokatwa yenye alama ya mshangao katikati. Anayeuliza hujibiwa haraka kwamba ni baridi tu, jua likipanda itazima. Na mara nyingi huzima kweli, ndiyo maana watu wanaendelea kuamini hivyo.

Dhana: Baridi ya alfajiri ndiyo iliyowasha taa

Baridi hupunguza upepo, hilo halina ubishi. Hewa iliyofungiwa ndani ya tairi ikipoa, msukumo wake hupungua. Kwa tairi la gari dogo, joto likishuka nyuzi 5 hadi 6 za selsiasi, geji nayo hushuka takriban psi 1 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo).

Sasa tupige hesabu ya hapa kwetu Zanzibar. Mchana wa kaskazi joto hufika nyuzi 32 hivi. Alfajiri ya kipupwe hushuka mpaka karibu 22. Tofauti ni nyuzi 10, yaani psi 2 basi. Tairi lililojazwa psi 32 mwezi wa Februari lingekuwa na psi 30 Julai, kama halivuji hata kidogo. Taa nyingi zimepangwa kuwaka upepo ukipungua kwa moja ya tano hadi robo ya kiwango, ambayo kwa psi 32 ni kati ya 26 na 24. Kutoka 30 mpaka hapo zinabaki psi 4 hadi 6, na baridi ya Unguja au Pemba haina uwezo wa kuzila.

Maelezo ya "ni baridi" yana ukweli wake katika nchi za theluji. Mjini Chicago, tairi lililojazwa siku ya joto la nyuzi 30 hupoteza psi 7 hivi joto likifika nyuzi 15 chini ya sifuri, bila msumari wala tundu. Huku kwetu, taa ikiwaka alfajiri maana yake tairi lilikuwa limeshapungua, baridi imemalizia tu.

Limepungua kwa nini? Kwanza, mpira wenyewe hupitisha hewa: hata tairi zima hupoteza psi 1 au zaidi kwa mwezi, kwa hiyo miezi minne bila kuongeza upepo si mchezo. Pili ni msumari uliobaki umeziba tundu lake mwenyewe, ukatoa hewa kidogo kidogo. Tatu ni valvu. Nne, na hili visiwani lina uzito wake, ni rimu za alumini zinazoliwa na chumvi. Pale mdomo wa tairi unapokalia rimu panafanya unga mweupe na vipele, na hewa inapenya hapo. Kuongeza upepo kila wiki hakuponyi. Tairi livuliwe, fundi asugue ukingo wa rimu kwa brashi ya waya mpaka uwe laini, kisha alirudishe.

Njia ya kutofautisha ni rahisi, kwa sababu baridi haichagui tairi. Pima yote manne alfajiri, kabla gari halijatoka na kabla jua halijapiga upande mmoja. Yote yakiwa yameshuka kwa kiasi kinacholingana, ni hali ya hewa pamoja na kupitwa na muda wa kujaza: ongeza upepo, yamekwisha. Moja likiwa chini ya mwenzake wa ekseli ile ile kwa psi 3 au zaidi, hilo linavuja. Chukua maji ya sabuni: anza na ncha ya valvu, halafu shina lake, halafu ukingo wa rimu, mwisho uso wa tairi. Pasipovuja hapatoi povu.

Dhana: Imezima yenyewe, basi limepona

Hii ndiyo inayotutia wasiwasi kuliko zote. Tairi likitembea hupata moto na upepo wake hupanda psi 4 hadi 6. Lenye psi 23 alfajiri linaweza kusoma 27 baada ya safari ya kutoka Bububu hadi Darajani, na taa ikazima. Lakini bado lina upungufu ule ule. Tena tairi laini hujikunja zaidi kila linapozunguka, likachemka haraka zaidi: moto unaoliharibu ndio huo huo unaoizima taa.

Dhana: Taa haijawaka, kwa hiyo matairi yako sawa

Tairi la psi 32 likibaki na 28 linalika pembeni na kula mafuta, na taa imekaa kimya. Jicho nalo halisaidii, kwani matairi ya siku hizi hubonyea kidogo chini hata yakiwa yamejaa.

Halafu gari lenyewe huenda halina mfumo wa kupima upepo unaowasha taa hiyo. Marekani iliulazimisha kwa magari mapya madogo yote kufikia 2007 na Umoja wa Ulaya kufikia 2014, lakini magari mengi yaliyotumika tunayoyapokea kutoka Japani hayana. Washa swichi bila kupiga stata: taa ya tairi iwake sekunde chache kisha izime. Isipoonekana kabisa, ama gari halina mfumo au taa imekufa, tegemea geji.

Taa ikimetameta kama dakika moja halafu ikabaki imewaka, hapo shida ni mfumo wenyewe, mara nyingi betri ya sensa, kifaa cha kupima upepo kilichomo ndani ya tairi. Hudumu miaka 5 hadi 10 na haibadilishwi peke yake. Hubadilishwa sensa nzima.

Dhana: Tairi likipata moto, lipunguzwe upepo lisipasuke

Kiwango kinachotajwa na mtengenezaji ni cha tairi lililopoa, yaani gari limesimama angalau saa 3. Ule upandaji wa psi 4 hadi 6 umeshahesabiwa. Ukiutoa mchana, alfajiri utalikuta tairi liko chini, na tairi laini ndilo linalopasuka kwa moto.

Dhana: Mvua ikinyesha, tairi laini hushika zaidi

Kwenye lami ni kinyume. Tairi laini huelea juu ya maji kwa mwendo mdogo zaidi, na kwenye miteremko ya Pemba wakati wa masika hilo si jambo la kujaribu. Mchangani ni sawa kupunguza, ila jaza kabla ya kurudi lami.

Dhana: Jaza namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi

Ile, mara nyingi psi 44 au 51, ni kikomo. Kiwango chako kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Kikiwa cha Kijapani, tafuta kPa (kilopaskali, kipimo kingine cha msukumo): 220 ni psi 32, 230 ni psi 33, 240 ni psi 35. Angalia mstari wa mbele na wa nyuma, maana vinaweza kutofautiana. Spea ile nyembamba huhitaji kPa 420, yaani psi 60 hivi, na usiipeleke zaidi ya kilomita 80 kwa saa.