Locorotondo na Wenzake: Dhana Potofu Kuhusu Miji Midogo ya Kusini mwa Italia

Locorotondo ni mji wa wakazi wapatao 14,000 katika mkoa wa Puglia, uliojengwa juu ya kilima, mita 410 hivi kutoka usawa wa bahari. Sehemu yake kongwe ina umbo la duara, kuta zake zimepakwa chokaa, na anayesimama kwenye bustani ya manispaa huliona bonde la Itria lote likiwa limetandaa chini yake, pamoja na mizabibu, mizeituni na kuta za mawe zilizopangwa bila saruji. Miji ya namna hii iko mingi kusini mwa Italia, na wasafiri waliochoshwa na misongamano ya Roma na Venice wameanza kuikimbilia. Wengi hufika wakiwa wamebeba mambo waliyoyapata kwenye picha na masimulizi ya watu, na sehemu kubwa ya mambo hayo ama si kweli ama ni nusu ya kweli.

“Mji umekufa, hauna watu”

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na chanzo chake ni saa. Msafiri hushuka kwenye treni saa nane mchana, akakuta maduka yamefungwa, madirisha yamefungwa na vichochoro ni vitupu; akapiga picha mbili tatu, akatafuta chakula asikipate, kisha akapanda treni inayofuata akiamini kwamba mji umehamwa. Ukweli ni kwamba amefika wakati ambao wenyeji wako ndani. Maduka hufungwa yapata saa saba mchana na hufunguliwa tena kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na moja jioni. Watu hula nyumbani na kupumzika, na katika miezi ya joto hakuna mwenye akili timamu anayetembea juani saa hizo. Mikahawa mingi huacha kupokea wageni wa chakula cha mchana ifikapo saa nane na nusu, na majiko hayawashwi tena hadi saa moja na nusu au saa mbili usiku. Anayehisi njaa saa kumi na moja atapata kahawa, aiskrimu au kipande cha focaccia, yaani mkate bapa, basi.

Mtu huyohuyo akivumilia hadi saa kumi na mbili jioni ataona mji mwingine. Wazee hutoa viti na kuviweka mlangoni, akina mama husukuma vigari vya watoto, vijana huvaa nguo zao nzuri, na wote hutembea taratibu katika barabara ileile, kwenda na kurudi, wakisimama kila baada ya hatua chache kusalimiana na watu ambao bila shaka walisalimiana nao jana. Waitaliano huyaita matembezi hayo passeggiata. Pale Locorotondo hufanyika zaidi kwenye barabara ya Nardelli, ukingoni mwa kilima, ambayo wenyeji huiita “barabara ya ufukweni” ingawa bahari iko kilomita kadhaa kutoka hapo. Utani huo wameuzoea kiasi kwamba hakuna tena anayeucheka. Mgeni anayeamkia kwa buonasera kabla ya kuuliza jambo lolote hujibiwa vizuri zaidi kuliko yule anayeanza na swali. Mswahili hahitaji kufundishwa adabu hiyo.

Ni haki pia kukiri upande wa pili. Iko miji ya kusini, hasa ndani ya milima ya mikoa ya Basilicata na Calabria, ambayo kweli inapungua watu mwaka hadi mwaka. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 watu wa huko walihamia Marekani na Argentina, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakaelekea Torino, Milano, Ujerumani na Uswisi. Ndiyo asili ya zile habari za nyumba zinazouzwa kwa euro 1, ambazo nazo zimezaa dhana yake, kwamba nyumba hupatikana karibu bure; kumbe bei hiyo ni chambo tu, kwa kuwa mnunuzi hufungwa na masharti ya kuikarabati nyumba ndani ya muda uliowekwa, mara nyingi akitakiwa kuweka amana, na gharama ya ukarabati ni kubwa mara nyingi kuliko ya ununuzi. Kwa vyovyote vile, mji uliolala mchana na mji unaokufa ni vitu viwili tofauti, na saa nane mchana haiwezi kumwonyesha mtu tofauti hiyo.

Mwezi wa Agosti mambo hugeuka juu chini. Waliohamia kaskazini na ng’ambo hurudi kwao kwa likizo, tarehe 15 huwa sikukuu ya kitaifa ya Ferragosto, na Locorotondo husherehekea sikukuu ya Mtakatifu Rocco (San Rocco) tarehe 16 kwa maandamano na fataki. Anayetafuta utulivu akaenda Agosti amejitakia mwenyewe. Mei, mwanzo wa Juni na mwishoni mwa Septemba ni nyakati nzuri zaidi.

“Nyumba zote zina mapaa yaliyochongoka kama pia”

Nyumba za mviringo zenye mapaa ya mawe yaliyochongoka, zinazoitwa trulli, ndizo zinazopamba picha za Puglia, na msafiri hudhani atazikuta kila mahali. Zimejaa Alberobello, mji wa jirani ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1996, na nyingine zimetawanyika mashambani. Huelezwa kwamba mabwana wa Conversano, waliomiliki ardhi ya Alberobello, waliwaamuru wakulima kujenga bila chokaa ya kugandishia mawe ili nyumba ziweze kubomolewa upesi na kodi ya mfalme wa Napoli ikwepwe, mpaka mji ulipotolewa mikononi mwa mabwana hao mwaka 1797. Masimulizi hayo yana mshiko, lakini hayatoshi peke yake, kwa sababu ujenzi wa mawe makavu ni wa kale na umeenea mbali zaidi ya mipaka ya Alberobello: mkulima aliyetaka kulima udongo ule ilimlazimu kwanza kuyaondoa mawe, na mawe yakishaondolewa yanahitaji pa kuwekwa.

Ndani ya Locorotondo kwenyewe nyumba ni za aina nyingine, ziitwazo cummerse. Ni nyembamba, zimebanana ukuta kwa ukuta, na mapaa yake ni ya mgongo mkali, yaliyoezekwa kwa vibamba vyembamba vya mawe ya kijivu. Ukali wa paa hilo una kazi. Puglia imekaa juu ya mwamba wa chokaa unaofyonza maji ya mvua, mito ya kutajika ni michache, na kwa karne nyingi kila tone lililoanguka juu ya paa liliongozwa kwa mfereji hadi kwenye kisima cha kuhifadhia maji chini ya nyumba. Shida hiyo ya maji ndiyo iliyoleta ujenzi wa Acquedotto Pugliese, mfereji mkuu wa maji wa Puglia, ulioanza mwaka 1906: chemchemi za mto Sele, upande wa pili wa milima ya Apenini, zilielekezwa mashariki, na maji yakaingia Bari, makao makuu ya Puglia, mwaka 1915. Bomba za umma za chuma cha kusubu zilizotokana na mradi huo bado zimesimama kwenye viwanja vingi mkoani, na kinyume na wanavyoogopa baadhi ya wageni, maji ya bomba huko hunyweka. Jaza chupa yako na uendelee na safari.

“Kusini ni joto mwaka mzima”

Si kweli. Kilimani Januari ina baridi ya kutetemesha, nyumba za mawe huihifadhi baridi hiyo ndani kwa uaminifu mkubwa, na Potenza, makao makuu ya Basilicata yaliyoko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, hupata theluji. Msafiri wa majira hayo abebe koti zito na aulize mapema kama chumba kina mtambo wa kupasha joto. Tena mikahawa na nyumba nyingi za wageni hufungwa kati ya Novemba na Machi.

“Chakula ni piza na tambi”

Vyote viwili vipo, lakini anayeishia hapo amepoteza nauli. Chakula cha asili cha Puglia ni cha mkulima maskini: maharage makavu ya fava yaliyopikwa hadi yakawa uji mzito, yakaliwa na mboga chungu ya porini iitwayo cicoria na mafuta ya zeituni juu yake, au tambi ndogo zenye umbo la sikio, orecchiette, pamoja na majani ya mboga jamii ya figiri. Basilicata kuna pilipili tamu za Senise zinazokaushwa kwenye shada na kukaangwa hadi ziwe za kuvunjika mdomoni, na Calabria watu hula pilipili kali kwa ujasiri usiotarajiwa Ulaya.

Jambo ambalo Mwafrika Mashariki atalielewa upesi ni bucha zenye majiko. Cisternino, mwendo mfupi kutoka Locorotondo, na hata Locorotondo na mji jirani wa Martina Franca, mteja huingia buchani jioni, akachagua nyama kwenye kabati la kioo, ikapimwa kwenye mizani, akaenda kuketi kwenye meza za nje huku mwenye bucha akiichoma; hatua kwa hatua ni utaratibu wa nyama choma ya kwetu, isipokuwa ugali na kachumbari. Ila hapa Mwislamu awe mwangalifu mno. Bombette, vifurushi vya nyama vilivyojazwa jibini ambavyo ndivyo fahari ya bonde hilo, ni nguruwe. Gnummareddi ni matumbo ya mwanakondoo yaliyosokotwa, lakini huchomwa juu ya jiko moja na nguruwe, na hayakuchinjwa kwa utaratibu wa halali. Nyama ya farasi pia huliwa Puglia. Bucha la halali ni nadra kulikuta katika mji mdogo, kwa hiyo fava, mboga, samaki, mayai na jibini ndivyo vitakavyomwokoa, na kabla ya kuagiza supu au tambi yoyote aulize kama imetiwa pancetta au guanciale, ambazo zote ni nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi.

Kuhusu malipo, wageni wengi hushtuka kuona kwenye hesabu kiasi kidogo, kwa kawaida euro 2 hivi kwa kila mtu, kilichoandikwa coperto, wakadhani wametapeliwa. Hiyo ni ada ya meza, inapaswa kuonyeshwa kwenye orodha ya vyakula, na hutozwa mwenyeji na mgeni sawasawa. Bakshishi hailazimishwi.

“Ni watu wa asili moja na lugha moja”

Anayewajua Waitaliano kupitia watalii wa Malindi, Watamu au Kiwengwa hudhani kwamba wote ni wamoja. Kusini ni mahali pa mchanganyiko wa karne nyingi. Bari ilikuwa makao ya emirati ya Kiislamu kuanzia mwaka 847 hadi 871. Mfalme Frederick wa Pili aliwahamishia Waislamu wa Sicilia katika mji wa Lucera katika karne ya 13, wakaishi humo hadi mwaka 1300, walipovamiwa na wengi wao kuuzwa utumwani. Huko Pietrapertosa, mji wa mlimani Basilicata, mtaa mkongwe bado unaitwa Arabata. Katika vijiji kadhaa vya Salento, kusini mwa Puglia, Calimera kikiwa kimojawapo, wako wazee wanaozungumza lahaja ya Kigiriki, na katika miji kama Civita ya Calabria husikika Kialbania kilicholetwa na wakimbizi wa karne ya 15. Sheria namba 482 ya mwaka 1999 inazilinda lugha hizo pamoja na nyingine kumi. Kiingereza, kwa upande mwingine, usikitegemee sana nje ya hoteli. Maneno ishirini ya Kiitaliano yatakufikisha mbali.

“Mafia wako kila kona, na mtu mweusi hana usalama”

Makundi ya uhalifu yapo kweli: ’Ndrangheta ya Calabria, Camorra ya Napoli, Sacra Corona Unita ya Puglia. Biashara yao ni dawa za kulevya, zabuni na kuwatoza wafanyabiashara fedha kwa vitisho, na msafiri anayekunywa kahawa uwanjani hawamhusu. Mji mdogo, ambako kila mtu anajua gari la nani limeegeshwa wapi, kwa kawaida una wizi mdogo kuliko stesheni ya jiji kubwa.

Suala la rangi linahitaji maneno ya wazi zaidi. Maelfu ya Waafrika hufanya kazi katika mashamba ya nyanya ya Foggia, kaskazini mwa Puglia, na ya machungwa ya Calabria, mara nyingi kwa ujira duni na malazi mabaya, na mwezi Januari 2010 mji wa Rosarno ulishuhudia vurugu ambazo wafanyakazi hao walishambuliwa kisha wakaondolewa mjini. Msafiri mweusi anaweza kutazamwa kwa muda mrefu kuliko apendavyo, au kudhaniwa ni mchuuzi au kibarua wa shambani. Upande wa pili, Riace huko Calabria iliwapokea Wakurdi waliofika kwa mashua mwaka 1998, na nyumba zilizokuwa zimeachwa zikapata watu tena. Kwa maoni yangu kutazamwa huko mara nyingi ni udadisi wa mji ambao hauoni sura mpya kila siku, na salamu huukata haraka. Lakini si mara zote, na si wajibu wa msafiri kumtafutia udhuru kila anayemkosea heshima.

“Ukishapata viza na treni, mengine ni mteremko”

Viza ni ya Schengen: siku 90 ndani ya kila siku 180, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Kwenye nyumba ya kulala wageni utaombwa pasipoti, na hilo halina ubaguzi, kwa kuwa sheria inamtaka mwenye nyumba kutuma taarifa za kila mgeni polisi. Treni ya kutoka Bari hadi Locorotondo ni ya reli ya mkoa, hupita Alberobello na huchukua karibu saa mbili. Jumapili na sikukuu huduma hupungua sana, na mara nyingi mabasi ndiyo hushika nafasi ya treni, kwa hiyo ratiba itazamwe siku moja kabla. Anayekodi gari awe na kibali cha kimataifa cha udereva pamoja na leseni ya kwao, na asiingie katika sehemu kongwe ya mji akiona alama ya ZTL, kwa maana eneo hilo ni la magari yenye idhini tu na kamera husoma namba. Hakuna askari atakayemsimamisha. Faini hupitia kwa kampuni ya magari na humfikia nyumbani miezi kadhaa baadaye, ikiwa na ada ya ziada ya kampuni hiyo juu yake.