Uende kabla ya AFCON, au usubiri ngoma ianze?

Wiki iliyopita aliingia ofisini kwangu mama mmoja anayeuza mawese sokoni Mwanga. Alikaa kwenye benchi, akavua ndala, akaniuliza swali ambalo siku hizi naulizwa mpaka na waendesha bodaboda. Bintiye ameolewa Kampala, amejifungua, na mama anataka kwenda kumwona mjukuu. Kikwazo ni mkwe, na lile Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON. Mkwe anasema: "Mama, vumilia kidogo. AFCON ya 2027 inakuja huku, uje wakati huo. Nauli moja, raha mbili."

"Sasa mwanangu, wewe ndiye unayejua mambo ya safari. Niende au ningoje?"

"Mama, nenda. Mtoto hangoji AFCON."

Alicheka, lakini hakuridhika. Alitaka sababu, na nyuma yake kulikuwa na watu watatu wanasubiri. Nilimpa mbili tatu za haraka. Zilizobaki naziweka hapa, kwa sababu najua kesho atakuja mwingine.

Nakata tiketi na kupanga safari hapa Kigoma mwaka wa kumi na nne sasa. Wateja wangu si watalii wa kuja kuangalia sokwe Gombe. Ni sisi wenyewe: walimu, wafanyabiashara wa dagaa, wazazi wenye watoto nje, na vijana wa mpira. Na tangu tarehe 27 Septemba 2023, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilipozipa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa pamoja, kila safari ya kwenda kwa jirani imeanza kuahirishwa "mpaka AFCON".

Shida ya kwanza ya kusubiri ni kwamba nchi haihami, lakini shughuli huhama. Hili nimelilipia kwa fedha yangu. CHAN ile ya nchi zetu tatu, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilipangwa ianze tarehe 1 Februari 2025. Nilikuwa na vijana kumi na wanane, wa Ujiji, Gungu na Katubuka, wanataka kwenda kuishangilia Taifa Stars uwanja wa Mkapa. Nikatafuta gesti Dar, nikalipa nusu ya fedha za vyumba. Tarehe 14 Januari CAF ikatangaza kuwa mashindano yamesogezwa hadi Agosti, miundombinu inahitaji muda zaidi. Nikampigia mwenye gesti. Hakuwa mkali hata kidogo, alinijibu kwa upole kabisa: "Ndugu yangu, mimi sijaahirisha kitu. Vyumba viko, waje walale."

Nusu ile sikuiona tena. Agosti ilipofika, kati ya wale kumi na wanane walisafiri saba. Wengine fedha zilishageuka ada, mabati na mahari. Hao saba walikuwepo tarehe 2 Agosti Stars ikiichapa Burkina Faso 2-0 kwenye mechi ya ufunguzi, na mpaka leo hawaniachi nipumue kwa kunisimulia.

Usidhani ilikuwa bahati mbaya ya mara moja. Fuatilia AFCON zenyewe. Ya 2019 ilikuwa ya Cameroon, ikanyang'anywa Novemba 2018 na kupelekwa Misri. Ya 2021 ikachezwa Cameroon Januari na Februari 2022. Ya 2023, ambayo hapo mwanzo ilikuwa ya Guinea kabla haijasogezwa kwenye 2025, ikaangukia Ivory Coast ikachezwa mwanzoni mwa 2024 kwa kuogopa mvua za katikati ya mwaka. Ya 2025 Guinea ikapokonywa, ikapewa Morocco, ikaanza Desemba 2025 na kumalizika Januari 2026. Kuanzia 2019 hakuna hata moja iliyochezwa mahali palepale na wakati uleule uliotangazwa mwanzo. Hata Olimpiki, yenye fedha zote zile, ya Tokyo 2020 ilichezwa 2021. Siombei yetu ihame, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba mimi siwezi kumwambia bibi afunge safari ya kumwona mjukuu kwenye kigingi kinachong'olewa namna hiyo.

Shida ya pili ni kitanda.

Watu wakija kwangu huuliza nauli. Nauli si mchawi. Kwa mabasi ya ndani ya nchi LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inapanga ukomo, na basi la kutoka hapa kupitia Kasulu, Kibondo, Kakonko na Nyakanazi, hadi Biharamulo na Bukoba, halijui kama Kampala kuna mpira. Lakini kitanda hakina LATRA. Mwenye gesti akisikia wageni wanakuja, anapaka chokaa ukuta mmoja, ananunua shuka mbili, anabadilisha bei. Sisi Kigoma tunalijua hili bila kufundishwa: kiongozi wa kitaifa akifanya ziara hapa, gesti za Mwanga zote zinajaa, na mgeni wa kawaida aliyekuja kununua migebuka anaishia kulala kwenye kochi la shemeji yake Ujiji. Sasa zidisha hapo mashabiki wa timu ishirini na nne na waandishi wa habari wao.

Wakubwa nao wanafanya hivyohivyo, tena kwa tangazo rasmi. Paris wakati wa Olimpiki ya 2024, tiketi moja ya metro iliyokuwa ikiuzwa euro 2.15 ilipandishwa mpaka euro 4. Na London mwaka 2012 wageni wa kawaida waliogopa bei na msongamano, wakakaa mbali. Agosti ile Uingereza ilipokea wageni wachache kuliko Agosti ya mwaka uliotangulia, ilhali dunia nzima ilikuwa inaitazama kwenye runinga. Walioogopa hawakuwa wajinga.

Mimi mwenyewe nilikuwa mjinga kwa Kigali. Septemba 2025 Rwanda iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, kuanzia tarehe 21 hadi 28. Nilijua yapo. Nikajisemea, baiskeli ni baiskeli, zitapita na maisha yataendelea. Nikawapitisha mpaka wa Rusumo wateja watatu: mfanyabiashara wa viatu, na mama mmoja na bintiye mwenye miadi na daktari wa macho. Nikaenda nao kwa sababu nami nilikuwa na shughuli zangu huko.

Kigali wiki ile ilikuwa mji mwingine. Shule za mjini zilifungwa, wafanyakazi wa serikali wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani, na barabara zinazopitiwa na waendeshaji zikafungwa kwa masaa. Tuliteremka stendi ya Nyabugogo asubuhi, tukapata pikipiki, na tukafika mahali ambapo tulitakiwa tuvuke barabara tu, barabara moja, upana wake kama hii yetu ya Lumumba. Kuna uzio. Kuna askari. Askari ana adabu kama alivyo Mnyarwanda kazini, na jibu lake ni lilelile kila ukimuuliza. Ng'ambo tunaliona bango la daktari. Yule binti alikuwa amevaa miwani yenye kioo kimoja kilichopasuka, amekaa juu ya jiwe la ukingo wa barabara, anaangalia bango kwa jicho moja. Masaa mawili na nusu. Miadi ikapita, akapangiwa wiki inayofuata, na siku za ziada za malazi nikazibeba mimi kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Jumapili ya tarehe 28, kwa kuwa tumeshakwama, tukaenda kuangalia mbio za wanaume. Kilomita 267 na ushee, na mshindi akawa Tadej Pogačar. Nilimwona kwa sekunde tatu. Unasikia kwanza kelele za watu zinapanda kilima, halafu sauti ya matairi kama manyunyu kwenye bati, halafu mgongo wa mtu unapotea. Yule mama akaniuliza, "Ndiye huyo?" Nikamwambia ndiye. Akasema, "Haya, turudi."

Sisemi Kigali walikosea. Walifanya kazi safi, na mwenye mapenzi ya baiskeli hatasahau wiki ile. Lakini sisi hatukwenda kwa ajili ya baiskeli. Hapo ndipo ninapomkamata kila mteja sasa hivi: unakwenda kuiona nchi, au unakwenda kuiona shughuli? Ukijibu "vyote", najua hujaamua, nakurudisha nyumbani ukafikirie.

Kuna wakati mlango wenyewe hufungwa. Qatar ilisimamisha viza za kawaida za matembezi kuanzia tarehe 1 Novemba 2022, na mpaka karibu na mwisho wa Desemba mgeni aliingia kwa kadi ya Hayya, iliyofungamanishwa na Kombe la Dunia. Aliyekuwa amepanga kumtembelea kaka yake Doha mwezi huo, bila habari ya mpira, alikuta nchi ni ya wenye kadi. Kwa Kenya na Uganda sisi Watanzania hatuhitaji viza, kwa hiyo sitegemei kioja kama hicho. Lakini kutohitaji viza si kutohitaji karatasi. Pasipoti ni shilingi 150,000, na kwa mkoa wa mpakani kama wetu ujiandae na maswali ya uraia: cheti chako cha kuzaliwa, cha mzazi, kitambulisho cha taifa. Usianze kulitafuta jina la babu wiki ya safari. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huhesabiwa imeanza kazi baada ya siku kumi, ila ukishachanjwa mara moja kadi ni ya maisha. Nimeona watu wamefika Mutukula, mpakani mwa Uganda, na begi la zawadi, hawana kadi. Hilo halina uhusiano na AFCON, lakini siku za AFCON foleni ya kulitatua itakuwa ndefu mara kumi.

Sasa nisiwe mchoyo, wapo wanaopaswa kusubiri. Kwanza mwenye mpira damuni. Huyo simpi ushauri, namuuliza tu: tiketi unayo? Maana kwenda bila tiketi ukitegemea "tutaingia tu" kumeharibika. Kwenye CHAN mashabiki wasio na tiketi walivamia uwanja wa Kasarani, Nairobi, matokeo yake CAF ikapunguza idadi ya watu wanaoruhusiwa uwanjani na kutaka tiketi za kielektroniki pekee. Aliyesafiri kwa matumaini aliishia kutazama mechi kwenye baa ya Nairobi, kitu ambacho angekifanya Mwanga kwa soda moja. Wa pili ni mfanyabiashara mwenye cha kuuza kwenye umati. Na huyo naye akague vibali kwanza.

Wapo pia wa kwenda baadaye, na hawa ndio watu wenye akili ambao huwa hawaji kuniuliza. Treni ya Gautrain ya Afrika Kusini ilianza kubeba abiria kutoka uwanja wa ndege wa Johannesburg tarehe 8 Juni 2010, siku tatu kabla ya Kombe la Dunia kuanza. Aliyekwenda 2009 aliona mashimo na mabati ya ujenzi. Aliyekwenda 2011 alikuta treni, barabara mpya, vyumba vingi, na wenye vyumba wanakuita kwa jina. Kama safari yako haina haraka, kaa pale baada ya sherehe, ule kilichopikwa.

Kwa aliyeamua kutangulia, tatizo ni lini. Miezi mitatu minne ya mwisho mimi siipendi. Ndipo kila mkandarasi anapokumbuka kuwa ana mkataba: barabara zinachimbwa usiku, vibanda vinahamishwa, na wenye gesti wanajaribu bei mpya kwa mgeni wa kwanza anayejitokeza. Huyo usiwe wewe. Mwaka mzima kabla, au karibu na hapo, ndio wakati wangu. Kwa Kampala epuka pia mvua kubwa za Machi hadi Mei, maana mji ule ni vilima na mabonde, na maji yakishuka mabondeni bodaboda inageuka mtumbwi.

Yule mama nilimpangia hivyo. Basi mpaka Bukoba alale, asubuhi Mutukula, halafu Masaka. Nikamwambia pale Kayabwe, kwenye mstari wa Ikweta, dereva akisimama ashuke apige picha, atamwonyesha mjukuu akikua. Na akifika Kampala aombe apelekwe msikiti mkubwa wa Old Kampala, apande mnara ule, auone mji wote bila kulipia helikopta. Aliniuliza ngazi ni ngapi. Nikamwambia ni nyingi, apumzike katikati.

Ameondoka na dumu la mawese la lita ishirini ambalo nilimkataza na hakunisikia. Juzi usiku mkwe amenipigia. Nilidhani anataka kunigombeza. Alitaka kujua tiketi za AFCON zitaanza kuuzwa lini, maana anataka kuja kuiona Uganda ikicheza Dar kama ratiba itamruhusu, na je, nitampatia gesti kwa bei ya sasa?

Nimemwambia atume nusu ya fedha, na kwamba zikihama tarehe nisilaumiwe. Amekata simu.