Suti ya G haikuokoi, miguu yako ndiyo itakuokoa

Jamani nimechoka na hili swali, "si kuna suti inayozuia damu isishuke miguuni, sasa mazoezi ya nini?" Kila kijana anayetaka kurusha ndege za kivita anakuja nalo, hata waliokwisha kupita usaili.

Suti ya G ni mifuko ya hewa inayobana vigimbi, mapaja na tumbo ndege ikikata kona kali, basi. G ni kipimo cha nguvu inayokukandamiza kitini, G 1 ni uzito wako wa kawaida. Suti inakuongezea uvumilivu wa kama G 1 hadi 1.5. Mtu aliyekaa amelegea macho yanaanza kufifia kwenye G 4 au 5 hivi, na T-38, jeti wanayofundishia Wamarekani pale kambi ya Sheppard, Texas, inafika G 7. Hiyo tofauti unaiziba wewe na misuli yako. Unakaza miguu na makalio KABLA G hazijaja, unavuta pumzi unaibana, kila sekunde 3 unabadilisha hewa chapchap na miguu usiilegeze hata kidogo. Wanafunzi wengi wanakosea hapa, wanangoja waone ukijivu unaingia pembeni mwa macho ndo wakaze, wakati damu ishashuka, na G zikija ghafla hata huo ukijivu huuoni, unazimika tu. Ukizinduka bado hujielewi, jumla inafika kama sekunde 24 ndege haina rubani. Kwa mwendo wa noti 400 (kama kilomita 740 kwa saa) hizo ni karibu kilomita 5, na kama pua ilikuwa inaangalia chini piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo ukiniambia unakimbia kilomita 20 kila siku mimi nakuuliza skwati (kuchuchumaa na kuinuka na uzito) unabeba kilo ngapi. Mbio peke yake hazitoshi, piga skwati, kunywa maji, kula asubuhi, lala. Nalisema hili kila siku na nitaendelea kulisema.

Eti anayezimika ni muoga? Uoga hauhusiki, ni presha ya damu kushindwa kufika kichwani, hata mbabe wa jimu anazimika akikaza kwa kuchelewa.

Kutapika safari za mwanzo? Wengi wanazoea, usiache chuo kwa hilo.

Unaanza moja kwa moja na jeti? Hapana, hapo hapo Sheppard wanaanza na T-6 ya propela, na Kenya kabla ya kugusa ndege unapitia kwanza ukadeti (mafunzo ya uofisa) pale chuo cha jeshi Lanet.

Na miwani, acheni kukata tamaa mapema. Jeshi la Anga la Marekani linapokea hata waliofanyiwa leza ya macho, kwa kibali, ila masharti yanatofautiana, usifanye operesheni kabla hujasoma ya jeshi unaloomba.