Drili ya meza haitaki glavu

Natengeneza mashine ndogo za karakana na kuwafundisha wenye nazo kuzitumia. Siku hizi drili ya meza, ile mashine ya kutobolea iliyosimama kwenye nguzo yake, imehamia majumbani: iko uani, stoo, chini ya kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Mwenye nyumba ananionyesha mashine yake mpya, kisha kwa fahari anatoa jozi ya glavu nzito za ngozi. "Fundi, mimi usalama kwanza." Kauli hiyo nimeshaisikia mno, na kila mara moyo unanishtuka, kwa sababu anayeisema ana nia njema kabisa na ameshika mkononi kitu kitakachomkata vidole.

"Glavu zinalinda mikono"

Zinalinda, ukiwa unabeba bamba lenye makali, unachomelea au unapanga matofali. Mbele ya kitu kinachozunguka, hazilindi. Kwenye drili hatari kubwa ni kunaswa. Michubuko ni jambo dogo. Biti, kile chuma chenye ncha kinachotoboa, ina mifereji inayopanda kwa mzunguko, na kazi ya mifereji hiyo ni kuvuta kinachokatwa na kukipandisha juu. Chaki inayobana biti ina taya na matundu ya ufunguo. Uzi mmoja wa glavu ukishikwa hapo, kilichobaki kinafuata, na mkono uko ndani yake.

Watu huniambia, "Nitauvuta mkono haraka." Tupige hesabu. Mzunguko wa 500 kwa dakika, ambao kwa mashine hizi ni wa polepole, ni zaidi ya mara 8 kwa sekunde. Chaki yenye kipenyo cha milimita 50 ina mzingo wa karibu milimita 157. Mtu aliye macho na makini huchukua kama robo sekunde kuitikia jambo la ghafla. Ndani ya robo sekunde hiyo chaki imeshazunguka mara 2 na kukunja zaidi ya sentimita 30 za kitambaa. Kwenye mzunguko wa 1,500 imekunja karibu mita nzima. Ubongo unapopata habari, kidole kimeshafika. Tena ukizima swichi wakati huo, mota na puli haziachi papo hapo, zinaendelea kuzunguka kidogo kwa kasi ziliyonayo.

Wapo wanaojitetea kwa udogo wa mota: "Hii ni wati 350 tu, itakwama yenyewe." Haitakwama kwa ajili ya kidole chako. Hata ukitoa nguvu inayopotea kwenye mkanda na bearingi, wati 350 kwenye mzunguko wa 500 zinatoa kwenye ukingo wa chaki mvuto unaokaribia uzito wa kilo 20, bila kuhesabu kasi ambayo vyuma vinavyozunguka vimeshajiwekea. Ukihamisha mkanda kwenye puli ili upate mzunguko wa chini zaidi, mvuto unaongezeka. Mishipa inayoendesha vidole haikuumbwa kushindana na hilo.

Biti ikigusa kidole kitupu, inachana ngozi. Inauma, pengine utashonwa nyuzi, lakini mara nyingi ngozi inaachia na mkono unabaki huru. Glavu haiachii. Kadiri ilivyo imara ndivyo inavyovuta vizuri zaidi, kwa hiyo ile ya ngozi nene uliyoinunua kwa bei ghali ndiyo mbaya kuliko zote. Kuhusu zile nyembamba za mpira kama za hospitali, ni kweli zinachanika upesi na hatari yake ni ndogo zaidi, lakini kwenye karakana ninayofundisha haziruhusiwi. Tabia ya kuvaa ikishaingia, siku ya haraka mtu anavaa iliyo karibu.

Najua glavu zinatoka wapi. Kipande kinapata moto na tundu likishatobolewa linabaki na makali. Hayo ni kweli, na dawa yake ni kutokishika kipande. Kibane kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma chenye taya mbili, mkono mmoja uwe kwenye mkono wa kushushia biti na mwingine mbali. Weka mafuta ya kukatia, joto litapungua. Ukimaliza, inua biti, zima, subiri chaki isimame kabisa bila kuifunga breki kwa kiganja, ndipo uvae glavu zako na kubeba kipande. Makali yaondoe kwa tupa. Kitambaa cha kufutia mafuta nacho kikae mbali, maana wengi wanavua glavu wakisikia maneno yangu, kisha wanashika chuma cha moto kwa tambara, na tambara linanaswa vilevile.

Sheria hiyohiyo inashika kila kinachoning'inia: mkono wa shati uliofunguka kifungo, kanzu, ncha ya mtandio, kanga iliyofungwa juujuu, kamba ya kitambulisho, bangili, saa, pete. Nywele za kusuka na rasta zifungwe nyuma na ziingie ndani ya kofia. Najua asubuhi za Njombe na Mufindi zina baridi, lakini sweta la sufi lenye mikono mipana halifai mbele ya drili. Kunja mikono ya nguo hadi juu ya kiwiko, ukunje kwa ndani ili pindo lisiachwe wazi. Kama una baridi, vaa fulana nzito ya kubana chini ya ovaroli.

"Kipande ni kidogo, nitakishika tu"

Hili linafuata kwa kuniudhi, na kwa watu wengi linakwenda pamoja na glavu: anavaa glavu ili akishike kipande. Biti inakata kwa utulivu hadi ncha inapotokeza upande wa pili. Hapo ukinzani unapungua ghafla, mkono wako bado unakandamiza, na makali ya biti yanaingia kwa pupa kwenye utando mwembamba uliobaki. Biti inakwama ndani ya chuma, na kwa kuwa mota haijasimama, kipande kizima kinaanza kuzunguka. Bamba jembamba ndilo baya zaidi, kwa sababu linageuka panga. Koleo si jiliwa, na kushika kwa nguvu zaidi hakusaidii.

Jiliwa lenyewe lifungwe kwa bolti kupitia mianya ya meza. Kama kipande hakiingii kwenye jiliwa, tumia klampu mbili, maana moja inakiacha kigeuke. Kipande kirefu kitokeze upande wako wa kushoto na kiegemee ubavu wa kushoto wa nguzo ya mashine. Drili inazunguka kufuata mwelekeo wa saa ukiitazama kutoka juu, hivyo kikishikwa kitasukumwa kwenye nguzo na kuishia hapo, hakitakufikia tumboni. Chini ya bamba weka ubao, na ncha inapokaribia kutoka punguza mkandamizo. Kikiwahi kuzunguka, usikikamate. Rudi nyuma, zima. Kwa sababu hiyo huwa nakataa kumwachia mtu mashine ambayo swichi yake mtu anaifikia kwa kupitisha mkono mbele ya chaki.

"Kasi kubwa inamaliza kazi upesi"

Inamaliza biti upesi. Kwa chuma laini na biti ya kawaida ya HSS (aina ya chuma kigumu cha kukatia), milimita 3 inataka mzunguko wa kama 2,600 kwa dakika, milimita 10 kama 800, na milimita 20 kama 400. Chuma kisichoshika kutu kinataka nusu ya hapo au chini zaidi. Biti ikipiga kelele na kubadilika rangi kuwa bluu, umeshaiua. Drili nyingi za nyumbani zinaanzia kwenye 500 au 600, kwa hiyo tundu kubwa sana la chuma si kazi yake, hata kama biti yake inauzwa dukani. Na usihamishe mkanda plagi ikiwa ukutani.

"Inaweza pia kuchonga pembeni"

Kuna wanaofunga kisu cha kuchongea na kusukuma kipande ubavuni ili kupata mfereji. Kwenye mashine nyingi chaki imeshikwa na msuguano wa shafti yenye umbo la koni. Ukiikandamiza kwenda chini inazidi kukaza, ukiisukuma pembeni inalegea, na inaweza kudondoka ikiwa bado inazunguka. Drili ni ya kushuka na kupanda. Basi.

"Ni nzito, haianguki"

Uzito wenyewe uko juu, kwenye mota na kichwa cha mashine. Tako la mashine lina matundu ya bolti, yatumie kuifunga.

Ufunguo wa chaki usiachwe ndani yake hata kwa sekunde unayogeuka kuchukua miwani. Mkono wangu hauachi ufunguo mpaka umetoka kwenye chaki, na wanafunzi wangu nawadai hivyohivyo. Usiufunge kwa kamba kwenye mashine, kamba nayo inazunguka. Weka sumaku ubavuni uubandike hapo. Nyuzi ndefu za chuma zinazopanda kwenye biti zinakata kama wembe. Legeza mkandamizo kila baada ya muda mfupi zikatike zenyewe, kisha zifagie kwa brashi mashine ikiwa imesimama. Usizipulize kwa mdomo. Miwani ya kusomea na ya jua haina ulinzi wa pembeni, na ile nyeusi ya kuchomelea inakunyima kuona biti.

"Umeme ukikatika, mashine imeshajizima"

Imesimama tu. Swichi bado imewashwa. Umeme unakatika katikati ya tundu, unakwenda kunywa chai, mtoto anaingia kwenye kibanda kuchezea mkono wa kushushia, umeme unarudi. Au ni wewe mwenyewe, umeinama kuondoa kipande kilichokwama huku taya za chaki zikiwa sentimita chache kutoka kwenye vidole.

Zipo swichi zinazojifyatua umeme ukikatika, na umeme ukirudi mashine haiwaki mpaka ubonyeze tena. Usiamini rangi ya kijani na nyekundu ya vitufe, ijaribu. Toa biti, toa ufunguo, ondoa kila kitu mezani. Washa mashine ikiwa tupu, kisha zima umeme kwenye soketi ya ukutani. Chaki ikishasimama, simama kando na uwashe soketi tena. Ikizunguka yenyewe, zima, chomoa plagi, na usitoboe kingine mpaka fundi umeme abadilishe swichi hiyo.