Kabla ya kufunga helikopta ya 700, ifungue kwanza

Helikopta ya rimoti ya daraja la 700 si ya kuchezea sebuleni. Namba hiyo ni urefu wa panga moja kwa milimita, takriban; ukijumlisha na kichwa, yaani sehemu ya katikati inayoshika mapanga, duara la rota linakaribia mita 1.6. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, ncha za mapanga zinakimbia karibu kilomita 600 kwa saa. Ndiyo maana anayeniuliza aanzie wapi na boksi lake jipya la vipande, mimi humwambia aanze kwa kufungua vilivyokwisha kufungwa.

Mara nyingi kichwa na gia za mkia huja vimeshaunganishwa, lakini vingine vimekazwa ili visipotee njiani tu, bila gundi ya skrubu. Mimi hubomoa vyote. Kila skrubu naiosha kwa spiriti, kwa sababu mafuta huipunguzia gundi nguvu, halafu natia tone dogo la Loctite 243, ile ya bluu, pale chuma kinapoingia kwenye chuma. Tone dogo kweli, maana likizidi hutiririka hadi kwenye beringi. Plastiki isiguswe na gundi hiyo, nyingine hupasuka. Nati zenye pete ya nailoni ndani haziihitaji.

Sasa kichwa, na hapa usiwe na haraka. Panga la gramu 185, uzito wake ukiwa umejikusanya kama sentimita 40 kutoka kwenye shafti, kwa mwendo ule linavuta kwenda nje kwa nguvu ya zaidi ya kilo 300. Beringi za kawaida hazikutengenezwa kubeba mvuto wa namna hiyo, kwa hiyo kila kishikio cha panga kina beringi ya msukumo: gololi ndani ya fremu yake, katikati ya washa mbili, yaani pete bapa za chuma. Kwa macho washa hizo ni pacha. Zipime kwa vernia, kile kipimo cha milimita chenye taya, utaona tundu la moja ni kubwa kidogo. Yenye tundu kubwa hukaa ndani, upande wa shafti kuu, ikiegemea kishikio; yenye tundu dogo hukaa nje, chini ya skrubu ya ekseli, chuma kinachopita ndani ya vishikio. Ukizigeuza, ile ndogo itasugua ekseli, kishikio kitakuwa kigumu na servo, zile mota ndogo zinazogeuza vishikio, zitateseka. Tia grisi ya kutosha, kaza, kisha zungusha kishikio kwa vidole viwili. Ukihisi kama kuna mchanga ndani, fungua tena.

Gia ni kazi nyepesi. Weka ukanda wa karatasi kati ya gia ya mota na gia kubwa, zibane, kaza mota, halafu zungusha karatasi itoke. Ikitoka na mikunjo bila kuchanika, nafasi iko sawa. Fanya hivyo pale gia kubwa inapobana zaidi, kwa kuwa si zote zilizo duara kamili. Beringi ya upande mmoja iliyo katikati ya gia kubwa hufanya kazi kama friwili ya baiskeli: mota ikizima, mapanga huendelea kuzunguka, na rubani hutua kwa nguvu hiyo iliyobaki.

Mkia huzungushwa kwa mkanda au kwa shafti yenye gia; mimi ni mtu wa mkanda. Mkia ukigusa nyasi, gia za mfumo wa shafti hunyofoka meno upesi, mkanda huvumilia zaidi. Ila hakikisha umeupinda upande unaotakiwa: zungusha rota kuu kwa mkono uone mapanga ya mkia yanafuata mshale wa kwenye kitabu.

Mikono ya servo isifungwe kabla hujawasha rimoti na kuziweka katikati, la sivyo utarudia kazi yote. Viungo vya gololi vya fimbo zinazotoka kwenye mikono hiyo viteleze bila kukwama na bila kulegea.

Mapanga huja mwisho. Bolti zake zikaze kiasi kwamba helikopta ikilazwa ubavu hayaanguki yenyewe, lakini ukiitikisa yanasogea. Na wakati wa kupanga servo, nyaya za mota ziwe zimechomolewa. Kuna wanaofanya kazi hiyo mezani, mota imeunganishwa na mapanga yamefungwa. Mimi hutoka nje ya chumba.