Boila Inalia? Niambie Kwanza Inalia Wakati Gani

Januari moja, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, simu yangu ililetewa ujumbe wa sauti wa sekunde 14. Hakuna salamu. Ni boila tu, ile mashine ya gesi ya kupasha joto nyumba na maji ya kuoga: gluku-gluku-gluku, kimya, tik-tik-tik-tik, kimya, kisha gluku-gluku tena. Mwishoni ndipo nikamsikia mama mmoja mtu wa Mombasa, anayeishi hapa Reading, Uingereza, akinong'ona: "Mwanangu, humu ndani mna kiumbe."

Mimi ni fundi wa boila. Nikampigia. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Waja saa ngapi?"

"Kabla sijaja, hebu chungulia nje. Kuna barafu?"

"Gari la jirani jeupe pe."

Nikamwuliza kama ukutani, chini ya dirisha la jikoni, kumetokeza kibomba cha plastiki. Kipo. Basi achukue maji ya vuguvugu, si ya kuchemka, akimwagie taratibu kuanzia pale kilipopinda, kisha aiwashe boila upya. Baada ya nusu saa nikaletewa ujumbe wa maneno mawili: "Kiumbe katoka."

Boila za siku hizi Uingereza, hasa tangu sheria ya 2005, hunasa hata joto lililomo kwenye moshi wake. Moshi ukipoa, mvuke wake unageuka maji yenye uchachu kidogo, na katika siku ya baridi maji hayo hufika lita kadhaa. Hutoka kwa kile kibomba. Fundi akikipitisha nje kikiwa chembamba, wembamba wa kidole, na bila kukifunika, usiku wa barafu maji yanaganda mle ndani. Yanayofuata hayana pa kwenda, yanarudi hadi kwenye boila, na feni inayapulizia kama mtoto anayepuliza soda kwa mrija. Zile tik-tik ni cheche za kuwashia. Inajaribu, inashindwa, inajaribu tena, mwisho inajizima yenyewe.

Sasa, mimi sikuutambua ugonjwa ule kwa gluku-gluku. Hewa iliyonaswa kwenye mabomba ya redieta, vile vyuma vya ukutani vinavyopasha joto vyumba, hutoa sauti hiyohiyo. Nilichoshika ni kwamba imeanza usiku wa barafu, na inalia pale boila inapojaribu kuwaka. Ndiyo maana wateja wakiniigizia sauti kwa mdomo (na Waswahili tuna kipaji hicho, wallahi) mimi nawauliza: inalia wakati gani?

Somo hilo nililinunua kwa pesa yangu. Mwaka wa pili wa kazi niliitwa kwenye nyumba ambayo boila yake ilivuma kama birika linalokaribia kuchemka. Nikaweka sikio, nikatikisa kichwa kama daktari, nikasema ni pampu. Nikabadilisha pampu. Siku ya tatu mwenye nyumba akapiga simu: birika limerudi. Niliporudi ndipo nikauliza swali nililopaswa kuanza nalo, naye akanijibu bila kufikiri: "Inalia mtu akioga tu. Redieta zikiwaka, kimya." Nikamrudishia pesa ya pampu.

Jibu lake lilikuwa na kila kitu. Boila ya kombi, yaani ile isiyo na tangi, ina njia mbili za maji. Maji ya redieta ni yaleyale yanayozunguka mwaka mzima. Maji ya kuogea huja mabichi kutoka bomba la mtaani, hupita kwenye kijisanduku cha mabamba membamba yaliyobanana, yakapata joto na kwenda zake. Maji ya kusini-mashariki mwa Uingereza yamepita kwenye miamba ya chokaa, na chokaa hiyo hugandia kila panapopata moto. Tazama ndani ya birika lako la umeme: ule ukoko mweupe ndio uliojaa kwenye mabamba. Kwa hiyo sauti inayokuja ukifungua maji ya moto tu, na hasa kama bafuni maji yanatoka moto, yakapoa, yakarudi moto, kwangu ni ukoko wa chokaa hadi ithibitike vingine. Mabamba yanasafishwa kwa dawa au yanabadilishwa.

Ikivuma redieta zinapowaka, habari ni nyingine. Hapo nashuku tope jeusi la kutu linalotoka ndani ya redieta zenyewe. Gusa redieta: juu moto, chini baridi? Tope limelala hapo. Likifika penye moto wa boila linapunguza mwendo wa maji na kushika kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Maji yaliyokwama hapo yanachemka ingawa mengine hayajafika nyuzi 70, viputo vya mvuke vinazaliwa, vinakutana na maji baridi zaidi, vinapasuka. Huo mvumo unaousikia ni maelfu ya viputo vinavyokufa. Tiba ni kusafisha mfumo mzima, kutia dawa ya kuzuia kutu, na kufunga kichujio chenye sumaku. Kubadilisha boila ukaacha tope kwenye redieta ni kumvisha mtu kanzu mpya bila kuoga.

Angalia pia mshale wa presha ya maji kwenye boila. Mfumo ukiwa baridi, uwe kati ya bar 1 na 1.5. Ukishuka, hewa na kelele hukaribia. Kuongeza maji mara moja kwa mwaka si neno, lakini ukiongeza kila wiki, kuna mahali panavuja, na kila ukiongeza unaingiza oksijeni mpya ya kulisha kutu.

Pampu ikiendelea kuvuma dakika chache baada ya moto kuzimika, iache. Imeundwa hivyo, inaondoa joto lililobaki.

Sauti moja tu ndiyo sitaki unirekodie ukisubiri nijibu. Unakumbuka jiko la gesi la nyumbani, umeshafungua gesi, kiberiti kinakataa, cha pili kinakataa, cha tatu kinashika: pwaa! na nyusi zinanuka? Boila ikiwaka kwa mshindo wa namna hiyo, gesi imekusanyika kabla ya cheche kuikuta. Izime. Usiiwashe kujaribu kama "imejirekebisha". Vivyo hivyo ukiona masizi ukutani, au watu wa nyumba hiyo wanaumwa kichwa ambacho kinapoa wakitoka nje. Hiyo huenda ni kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Haina harufu wala rangi. Toka nje, na huko nje piga 0800 111 999, namba ya dharura ya gesi, saa 24.

Na kifuniko cha boila usikifungue, hata kama una bisibisi na video umeitazama mara tatu. Kazi ya gesi kisheria ni ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, yaani orodha rasmi ya mafundi wa gesi. Akija, mwombe kitambulisho, kisha kigeuze: nyuma ndipo pameandikwa anaruhusiwa kugusa nini. Wengi wanaangalia picha ya mbele tu.

Kwa hiyo ukinirekodia boila yako, usiniigizie. Iache ilie sekunde 30, halafu niambie: maji ya moto yalikuwa yamefunguliwa au redieta zilikuwa zinawaka? Mshale uko wapi? Imeanza lini, na siku hiyo kulibadilika nini? Mama wa Mombasa siku hizi ananitumia vyote hivyo, pamoja na hali ya hewa.