Joto la Ukomo wa Hedhi Lisimtoe Mama Kwenye Uongozi

Mama mmoja wa miaka 49 alikuja kliniki yetu ya magonjwa ya wanawake akiwa na barua ya kupandishwa cheo kwenye pochi. Alikuwa hajaijibu. "Daktari, nitaongozaje watu, na majina ya wenzangu wa ofisi moja yananitoka kichwani?" Tukiwa tunazungumza joto likampanda kifuani hadi usoni, akaichomoa bahasha ileile akajipepea nayo. Alishameza dawa ya malaria mara mbili bila kupima.

Haikuwa malaria. Alikuwa anaelekea ukomo wa hedhi.

Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na tunasema imekoma miezi 12 ikipita mfululizo bila kuiona. Dalili huweza kuanza miaka kadhaa kabla. Homoni ya estrojeni ikiyumba na kushuka, sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili huwa nyepesi kushtuka: joto likizidi kidogo tu, jasho linamwagika. Usiku shuka linalowa, usingizi unakatika, asubuhi kichwa kizito. Mama anadhani akili imemwisha, kumbe hajalala.

Kinachoniuma ni umri wenyewe. Mtumishi wa umma Tanzania hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima 60. Maana yake dalili zinamkuta pale uzoefu wake umeiva na nafasi za juu zinafunguka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi. Kwa ukomo wa hedhi hakuna likizo ya namna hiyo. Lakini mwajiri hahitaji kusubiri sheria ili aweke feni, aruhusu sare ya pamba badala ya polista, au amwache mama atoke kikaoni dakika tano bila kuhojiwa. Na ile mizaha ya "bibi ameanza kuzeeka" ikomeshwe.

Tiba ipo. Homoni hutuliza joto vizuri, ingawa aliyewahi kupata saratani ya matiti au damu kuganda kwenye mishipa kwa kawaida hatumwandikii. Zipo dawa nyingine. Jasho la usiku likiambatana na kikohozi au kukonda, pima kifua kikuu. Na ukiona damu baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone, njoo hospitali wiki hiyohiyo.